Mak Azlin Astaafu Kabla ya Keki Yake

Baada ya miaka thelathini na mitatu katika ofisi ya ndoa na talaka ya msikiti wetu wa kisiwani Pulu Selma, Bibi Suriati binti Kasmani, yaani Mak Azlin, mama wa Azlin, alistaafu tarehe 9 Machi. Wenye kumbukumbu watauliza: si ilikuwa Juni? Ilikuwa Juni. Keki iliagizwa Perth kwa ajili ya Juni, na mimi nilikuwa sijaandika hata neno la kumuaga. Tulieni, nitaeleza.

Alitujia kutoka Kisiwa cha Christmas, mjane kijana mwenye mtoto wa kunyonya, akapewa meza ya katibu na benchi moja fupi la wanaogombana. Alikataa libadilishwe, akisema mume na mke wakibanana, nusu ya ugomvi huisha kabla imamu hajavaa kofia. Nusu ya pili aliimaliza kwa ulimi. Kuna mama mmoja, simtaji kwa kuwa anasoma jarida hili, aliyedai talaka kwa sababu mumewe kahamishia mapenzi kwenye injini ya boti.

“Injini si mke mwenza, mwanangu,” Mak Azlin alimwambia. “Kalale, kesho uje na sababu nyingine.”

Hakurudi.

Msidhani aliwafungia watu ndani ya ndoa. Ndoa iliyokufa aliizika kwa heshima. Kila mwanamke alifundishwa kwamba mahakama ya bara, Australia, huvunja ndoa ya serikali, lakini talaka ya dini ina mlango wake: mume atamke, au mke ajikomboe kwa kurudisha mahari, au imamu aivunje baada ya wasuluhishi wawili kushindwa kuwapatanisha, mmoja wa upande wa mume, mmoja wa upande wa mke.

Hapo kwenye wasuluhishi ndipo tulipokwama mwaka jana. Mak Nizar alitaka kuachwa, na mahakama ya bara ilishamaliza kazi yake. Mumewe, Pak Nizar, yaani baba Nizar, hakumwacha wala hakugombana. Alijifanya mpenzi wa utaratibu, akamkataa kila msuluhishi aliyeletwa na mkewe.

“Huyu wa upande wake? Bibi yake na babu yangu ni ndugu! Mimi nataka sheria ifuatwe, Haji,” alimwambia imamu.

Kisiwa cha watu mia nne na ushei, tumeoana mpaka kuku wetu ni mabinamu! Mak Nizar akakonda. “Mak,” alimwambia Mak Azlin siku moja, “nitazeekea kwenye benchi hili.”

Mama mzazi wa Mak Nizar ndiye aliyekumbuka. Alipomzaa aliugua, na yule mgeni wa Christmas akamnyonyesha kichanga pamoja na Azlin wake. Kwa dini yetu aliyekunyonyesha ni mama yako, na Mak Azlin hana hata tone la damu ya akina Pak Nizar: msuluhishi kapatikana. Tulishangilia kama tumefunga bao. Kisha imamu akakumbusha kwamba katibu wa ofisi haruhusiwi kuwa msuluhishi, akashauri tungoje Juni.

“Juni?” Mak Azlin akafoka. “Mtoto huyu kangoja mpaka kaisha! Nistaafisheni leo. Keki kuleni wenyewe.”

Hivyo mimi ninayeandika haya nikawa katibu kwa nafasi yake kabla ya chakula cha mchana, na sikujua hata funguo ziko wapi.

Wasuluhishi walikaa Jumatatu. Pak Nizar alikuja na pingamizi zake zimepangwa vizuri. Mak Azlin hakubishana naye. Alimuuliza kwa upole kama anamtaka mkewe, au anaogopa nyumba tupu.

“Nyumba, Mak,” akasema Pak Nizar. Kisha akapokea mahari yake, akamwacha mkewe kwa talaka isiyo na kurejea. Mak Nizar alilia, akacheka, akalia tena. Jioni Mak Azlin alimpelekea Pak Nizar wali na samaki kwa kaka yake alikohamia, akakaa naye mpaka sahani ikaisha. Nampenda mama huyu, na naandika hivyo waziwazi.

Tangazo moja: Mak Nizar sasa yuko edani na hatoki kwenda kwenye sherehe ya kumuaga Mak Azlin. Kwa hiyo sherehe inamfuata. Njooni Jumamosi uani kwake, si ukumbini, kila mtu na kiti chake.

Mak Azlin, ahsante. Ule vizuri, ulale mchana, Mungu akupe umri na afya. Jumamosi usibishe hodi. Binti uliyemnyonyesha amesema atakufungulia mlango mwenyewe.