Fundi Pazia, Aliyekataa Kulipwa Anyamaze

Ndugu, majirani na wateja wake mliofika, poleni. Tunayemzika leo mlimwita Fundi Pazia, na haya ndiyo maisha yake kama mdogo wake wa kike alivyoombwa kuyaandika.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1984, mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama muuguzi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya mbao. Alipokuwa na miaka saba alikata shuka jipya la mama, akalitundika katikati ya kitanda alicholala na mdogo wake. "Sasa kila mtu ana kwake," akasema. "Ukitaka kuja huku, piga hodi." Alichapwa, lakini pazia likabaki, na mdogo wake akapiga hodi miaka mingi.

Alimaliza sekondari mwaka 2001. Hesabu za ubaoni zilimpiga chenga, kwa hiyo akaenda kusomea ushonaji, na mwaka 2004 akafungua duka lake mkabala na posta. Mdomo wake mnaujua. Mteja akilia bei, alimwuliza, "Nipunguze bei au nipunguze pazia?"

Tarehe 14 Agosti 2010 aliolewa na fundi umeme aliyekuja dukani kurekebisha soketi. Alimwomba amshikie ncha ya tepu ya kupimia dakika moja tu, akamwachia jioni. Walijaliwa binti mmoja, mwaka 2012.

Mjomba aliomba sehemu inayofuata irukwe. "Andikeni alipata ajali ya gari," alisema jana sebuleni. "Watu wasije wakaondoka na maneno." Mama aliacha kukunja nguo za marehemu. "Mwanangu alikataa hela ili hili lisemwe," akasema. "Litasomwa." Basi linasomwa.

Tarehe 6 Juni 2019, saa tatu asubuhi, aliita teksi ya mtandao kwa sababu mapazia ya mteja yalikuwa mazito. Dereva aliacha njia, akafunga milango, akambaka. Marehemu aliripoti siku hiyo hiyo na kupimwa hospitali. Dereva akatoroka, jalada la polisi likalala. Wapo waliouliza alikuwa amevaa nini. Tangu hapo alikwenda kwa wateja kwa miguu, mapazia begani, na ule mdomo ukafungwa. Wateja walitaja bei wenyewe, yeye akaitikia kwa kichwa. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba hata kuikumbuka kunauma.

Wakili mmoja, mama wa makamo, ndiye aliyemweleza kuwa kuna mlango wa pili. Jalada kulala hakukumzuia kufungua kesi ya madai, yeye mwenyewe akiwa mdai, dhidi ya dereva na dhidi ya kampuni ya teksi pia. Huko hakutakiwa kuthibitisha mpaka shaka yote iishe. Mizani ikiinamia upande wake, inatosha. Ikaja kujulikana kwamba abiria wawili walishamlalamikia dereva yule, na kampuni ikamwacha aendelee kubeba abiria. Kampuni ilijitetea kuwa huyo si mwajiriwa wao. "Yeye sikumjua," marehemu aliiambia mahakama. "Niliwaita ninyi, mkanitumia yeye."

Februari 2022 madaktari walimkuta na saratani ya ini. Haukupita muda, kampuni ikaleta maneno matamu: fidia nono, kwa sharti kwamba yeye na familia yake yote wasilitaje tena jambo lile popote. Mumewe alitaka akubali, na nani atamlaumu? Alitaka mke wake atibiwe.

"Na msibani kwangu?" marehemu alimwuliza wakili.

"Hata huko."

Alicheka, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. "Basi hapana. Nimeshona mapazia ya kutosha. Hilo silishoni."

Akaomba ushahidi wake uchukuliwe mapema, kabla hajazidiwa. Tarehe 3 Oktoba alihojiwa akiwa amekaa, beseni la kutapikia miguuni, na mawakili wa kampuni walimgeuza huku na huku wasimtoe kwenye neno lake hata moja. Alifariki nyumbani alasiri ya Jumanne, tarehe 22 Novemba 2022, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake. Hukumu hakuisikia. Hilo hatutajifanya limetupita.

Ameacha mama, mume, binti, mdogo wake mmoja na mjomba. Wakili anasema kesi haizikwi naye. Mama ameomba mahakama imteue kuwa msimamizi wa mirathi, ili aiendeleze kwa niaba ya mwanawe, na itatajwa tena tarehe 17 Januari. Leo asubuhi, wakati tunapanga viti, mjomba aliuliza mahakama hufunguliwa saa ngapi.

Fundi Pazia apumzike kwa amani. Kiti chake kule mahakamani hakitakaa kitupu.