Bi. Wayua Musyimi na Nyonga za Mbwa wa Kabati

Baada ya miaka ishirini na saba, Bi. Wayua Musyimi, mhudumu wa afya ya wanyama katika kituo chetu cha kuzalisha mbwa wa ulinzi hapa Kabati, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28.

Alitoka Makueni akijua ng'ombe na mbuzi. Mbwa alijifunzia hapa, na miaka ya kwanza alikagua nyonga zao kama sisi sote: kwa macho na vidole.

Ndivyo alivyompitisha mbwa Jasiri, aliyeuzwa kijijini Zombe kulinda mbuzi. Alasiri moja wezi wa mifugo walivamia boma la mzee Mwau, aliyemnunua. Jasiri aliwakimbilia, nyonga ikachomoka, akaanguka. Mwau akakatwa panga, akafa.

Wayua alienda mazishini, akamwambia mjane, Syokau, "Mbwa yule nilimpitisha mimi."

Syokau alimtazama sana. "Basi usipitishe mwingine kama yeye."

Aliporudi aliomba ile mashine kuukuu ya ultrasaundi tuliyokuwa tukipimia mimba za mbuzi. Wiki za kwanza, kichwa cha mfupa wa paja la mtoto wa mbwa bado ni gegedu laini, hakijawa mfupa mgumu. Eksrei haikioni, ultrasaundi inakiona. Alipima watoto wa mbwa zaidi ya mia sita, akawafuatilia hadi wakomae, na kila alipokosea aliandika kwa wino mwekundu. Jeli ya kupaka kabla ya kupima aliipasha joto kwapani ili wasishtuke. Wao walimshukuru kwa kumkojolea.

Kisha wakaja watoto wanane wa Malkia, mbwa wetu bora. Watano walikuwa na viungo vilivyolegea, na meneja alishawaahidi wateja.

"Wayua, saini tu vyeti vyao. Watu wanangoja."

"Wangoje. Mimi sisaini."

Kwa hilo aliondolewa kwenye uongozi wa kitengo chetu cha uzalishaji, akapelekwa kuosha vizimba. Watoto wale waliuzwa kwa sahihi ya mtu mwingine. Kabla ya mwaka kuisha, watatu walirudishwa wakiwa hawawezi kusimama. Wayua ndiye aliyewadunga sindano ya mwisho, akimpakata kila mmoja mpaka alipotulia.

Cheo chake nilipewa mimi. Sahihi ile ni yangu.

Hakunisema. Jumatatu iliyofuata aliniita kwenye mashine, akaushika mkono wangu, akanifundisha kuona. Sijawahi kumwomba msamaha mbele ya watu. Leo naomba.

Asante, Wayua. Nenda nyumbani ukapumzike, na Mungu akutunze wewe na wako wote.

Nzau Mwangangi,
Kitengo cha Uzalishaji