Chupa ya Vitu vya Kutupwa

Vuteni viti, wanangu, mkae upande huu ambako sikio langu bado linafanya kazi, na wewe Glenys iache hiyo feni ilivyo, kwa maana nitakayoyasema hayahitaji kupozwa. Nimeishi miaka themanini na mitatu, ishirini na sita kati ya hiyo nikiwa karani wa mahakama ya mji huu wa miwa, na nimewasikia watu wengi wakiapa kusema kweli. Kwa hiyo siwaombi mniamini kwa sababu nakufa. Anayekufa hudanganya kama mwingine yeyote, tena ana sababu moja zaidi. Nipimeni kwa ushahidi, na ushahidi nitawapa.

Naanza na vitu, kwa kuwa Glenys amekwisha kuvihesabu. Nilikusikia Jumanne, mwanangu, ukiongea kwa simu pale verandani, ukisema kwamba uvungu wa nyumba umejaa takataka za mzee na utahitaji malori mawili. Katika uvungu huo, kati ya nguzo zinazoiinua nyumba hii juu ya mafuriko, nilitengeneza kila ulichokalia na kila ulicholalia mpaka ukaolewa. Leo bomba likidondosha tone moja huko kwako Townsville unamwita fundi, naye anakuja na gari lenye jina lake ubavuni kubadilisha kipande cha mpira kisichozidi kifungo cha shati. Funga koki kuu kwanza, fungua kichwa cha bomba, toa kile kipande cha mpira kilichokwisha, weka kingine, basi. Nilikuonyesha ukiwa na miaka kumi, ukanijibu kwamba hiyo ni kazi ya Rowan.

Sikilizeni basi, maana haya ndiyo mali niliyo nayo. Droo inayokwama msimu wa mvua isipigwe randa. Isubirini ikauke, kisha ipakeni nta ya mshumaa kwenye kingo, kwa sababu mkiipiga randa ikiwa imevimba, kiangazi itacheza. Tundu dogo kwenye tangi la maji ya mvua hujazwa sabuni ya kipande mpaka mtu apate muda wa kulehemu, lakini sabuni ni ahirisho, si hukumu. Kisu kikiwa butu na jiwe halipo, geuza kikombe cha udongo ukinoe kwenye ule ukingo wa chini usiong'aa. Baba yenu mdogo Desmond amedai maisha yake yote kwamba kiazi kilichochovywa chumvi huondoa kutu. Nilichukua misumeno miwili, mmoja nikausugua kwa kiazi, mwingine nikaulaza ndani ya siki kwa siku nzima, nikaona kwamba kiazi hutoa kutu ya juu tu na kumpa mtu jambo la kujisifia. Tumieni siki, kisha brashi ya waya, kisha mafuta. Desmond hajanisamehe kwa jaribio hilo, nami sijamwomba anisamehe.

Halafu misumari. Hakuna msumari uliong'olewa katika nyumba hii ukatupwa. Niliinyoosha yote juu ya kipande cha reli ya treni ya miwa, nikaipanga kwa urefu katika chupa za jamu, na vifuniko vyake nikavifunga kwa skrubu chini ya rafu, ili chupa ining'inie na mtu aizungushe tu kwa mkono mmoja. Ndivyo alivyofanya baba yangu, na ndivyo walivyofanya wanaume wote wa mtaa huu. Kununua msumari mpya hali wa zamani upo kulitutia aibu kama kuomba chakula mlangoni kwa jirani. Mama yenu, Una, alikuwa akinicheka. "Merv," aliniambia, "siku ukifa nitakunyoosha juu ya reli, nikutie chupani, nikubandike lebo." Hakupata nafasi.

Mnajua alivyokufa, au mnadhani mnajua. Ilikuwa asubuhi ya Februari, miaka thelathini na moja iliyopita, akishuka ngazi ya nyuma na kapu la nguo, na kipandio cha tatu kutoka juu kikaachia. Kipandio hicho kilikuwa kimelegea, na wiki mbili kabla, Rowan, akiwa na miaka kumi na tisa, alikikaza. Hayo yote ni kweli. Hakimu aliyechunguza kifo aliponiuliza nani alifanya kazi ile, nilijibu, "Mwanangu, mheshimiwa," nikaketi. Nilijua thamani ya jibu fupi. Nilikuwa nimeandika maelfu yake. Hakuuliza la pili, nami sikuongeza.

Baada ya mazishi, pale ukumbini, watu wakiwa na chai na sandwichi zao, Desmond alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Haya, fundi wetu wa ngazi, na jeneza umetengeneza wewe?" Na wewe Glenys ulimwambia mdogo wako kwamba hana mama tena, na dada hana. Nilisimama hatua mbili kutoka hapo. Nilikuwa naangalia chai yangu. Wiki hiyo hiyo Rowan alihamia Tasmania, mbali kuliko kote alikoweza kufika bila kuiacha nchi, mimi nikaufunga mlango wa nyuma kwa kufuli, na hakuna aliyeikanyaga ngazi ile tena. Amerudi juzi akiwa na mvi, akaniosha miguu, wala hakuniuliza neno.

Sasa ushahidi. Siku ile ya kukaza kipandio, Rowan alinijia uvunguni akaniambia, "Baba, nipe bolti mbili tu. Misumari hii imechoka." Nikamjibu, "Msumari umenyooka. Kazi yako ni kupiga, si kuhutubu." Nikamchagulia minne kwa mkono wangu. Mama yenu alipoanguka, na polisi walipokwisha kuondoka, nilipiga magoti chini ya ngazi nikaokota mmoja uliokatika. Ulikatika pale pale nilipounyoosha, penye alama bapa ya nyundo yangu, na nusu ya mkatiko ilikuwa na kutu ya zamani. Maana yake ufa ulikuwamo kabla Rowan hajaushika. Kwamba chuma kilichokunjwa na kunyooshwa hudhoofika, nililijua tangu utotoni. Nililipima jambo hilo na aibu ya kununua bolti, na aibu ikashinda.

Usilie sasa, Glenys. Ulikuwa na miaka thelathini na moja ya kumuuliza mdogo wako.

Umesema nini, Rowan? Sema tena, dada yako asikie.

Anasema alijua. Anasema aliuona ule msumari na mkatiko wake kabla sijauokota, akauacha hapo kusudi, akangoja niseme mwenyewe. Alingoja mahakamani, akangoja ukumbini, akaenda kungojea Tasmania. Basi hata siri sikuwa nayo. Nilikuwa na ukimya tu, na wewe, Rowan, ndiye uliyeubeba.

Nipe maji. Kidogo. Yatosha.

Nyumba ni yenu wote wawili, na isiuzwe mpaka Rowan aridhie. Vifaa vyote ni vya Rowan, avitumie au avitie katika malori yako mawili, Glenys. Kuna tamko la haya yote, nimelitia sahihi mbele ya muuguzi na jirani. Nakala moja ipelekwe mahakamani, na nyingine utaisoma wewe Glenys, kwa sauti, baada ya mazishi yangu, katika ukumbi ule ule, Desmond akiwa mstari wa mbele na fimbo yake. Msumari uko katika chupa ya mwisho, yenye lebo "vya kutupwa". Katika karakana ambayo haikutupa kitu, hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza chupa hiyo ni ya nini. Uteremshe, Glenys, umpe Rowan mkononi. Wewe, si mimi. Mimi sina... mkono haufiki.

Nikifa, nitolewe kwa mlango wa nyuma. Ufunguo uko... katika kopo la chai. Wanishushe kwa ngazi ile. Rowan, ukikubali, na una haki ya kukataa, kikaze kile kipandio kwanza, wabebaji wasije wakaumia.

Mungu awape... awape kuulizana mapema. Awalinde nyote wawili, na nyayo zenu. Bolti, Rowan. Zile mbili ulizoomba. Usizitafute huko uvunguni... nenda dukani, mwanangu. Mpya.