Mboji Niliyoikwangua

Sogeeni, wanangu, nawe mkwe wangu weka hilo beseni chini ukae, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni na haya sitayaweza mara mbili. Wewe kitinda mimba, shika kalamu, andika kama ninavyosema, usinipambe. Nyumba mgawane sawa, wewe na kaka yako. Hapo hapana neno. Neno liko bustanini.

Miaka thelathini nilikuwa mpima udongo, wakaniita Profesa Jembe, nami nikavimba kichwa. Ilipotakiwa kujulikana kama moshi wa ile karakana ya kuyeyusha betri umeuchafua msitu wa hifadhi, nilipewa mimi kikosi, ramani na vifuko mia mbili. Nikafanya nilivyozoea mashambani: nikakwangua majani na ule weusi wa juu, nikautupa kando, nikachimba hadi udongo mwekundu, nikajaza vifuko. Kumpimia mkulima mbolea, hivyo ni sawa. Lakini madini ya risasi yaliyomo kwenye moshi, sumu inayodumaza ubongo wa mtoto, hayazami. Yanatua juu, na mboji inayang'ang'ania kama gundi. Nilikuwa natupa ugonjwa kando na kupeleka maabara afya.

Huyu binti yangu anayeandika alikuwa kibarua kwenye kikosi hicho, digrii yake bado ya moto. Akaniambia mbele ya watu, "Baba, sorry, lakini tunatupa kile kile tunachokitafuta." Nikamjibu, "Field siyo darasani, mama. Jifunze kwanza kushika jembe, ndipo uje unifundishe udongo." Wote wakacheka, si mimi niliyekuwa nasaini mahudhurio yao? Jioni nikampigia bosi simu, nikasema msichana ni mjuaji, anachelewesha kazi. Ndiyo, mwanangu. Ni mimi niliyekufukuzisha kazi. Miaka sita unazungusha bahasha maofisini, unarudi viatu vimelika visigino, na mimi mezani nakuuliza kama vyeti vinaliwa.

Ripoti ikatoka: msitu safi. Wiki ile ile ndipo nikaisoma karatasi ya maelekezo, ambayo kwa kujiona bingwa sikuwa nimeifungua. Sentimita tano za juu, imeandikwa, zisiondolewe. Ningeweza kusema siku ile. Nikaikunja, nikaisukumia chini ya godoro hili, nikavaa koti, nikaenda kupigiwa makofi kwa utumishi bora.

Kwa ripoti hiyo watu wakaruhusiwa kuchota mboji msituni. Mkwe wangu, ukaja kuniuliza mimi, mtaalamu wa nyumbani, kama inafaa kwa mboga. Nikakwambia, "Chota, mama, hiyo ni dhahabu." Nilikuwa nimeshajua! Nikatazama magunia yakishushwa moja moja, nikaomba chai. Leo mjukuu wangu ana miaka minne na maneno yake hayafiki kumi, na mkisema amerithi ukimya wa kwa mama yake, mimi naitikia kwa kichwa.

Usinishike mkono, mkwe wangu. Ngoja nimalize.

Maji... kidogo. Basi.

Kaka mtu, mpeleke mtoto leo hii akapimwe damu, na useme wazi ni madini ya risasi, usiwaachie wakaandika homa. Mboga ng'oeni zote, msimpe jirani hata shina moja, msiwatupie kuku. Udongo wa matuta uingie kwenye magunia, yafungwe, usimwagwe mtoni. Binti yangu, karatasi ile ichukue, uipeleke ofisini pamoja na haya, uyasome kwa sauti mbele ya wale waliocheka. Wakisema mzee alikuwa anaweweseka, waambie wachimbe wenyewe. Sentimita tano. Si zaidi.

Nikikata roho kabla hamjamaliza matuta, nitasubiri. Majembe yote yawe bustanini kwanza, kaburi baadaye.

Mungu awape... awape mikono isiyochoka. Huyo mdogo ampe maneno, hata kama la kwanza litakuwa la kunilaumu. Wewe binti sikuombi unisamehe, sina uso huo. Nakubariki tu, kama baraka yangu... bado inashika.

Umeandika? Weka kidole changu hapo kwenye wino. Hapo.

Mbona mmekaa? Nendeni. Msinililie mimi, nendeni... mkang'oe.