Koti la Mikono Miwili ya Kushoto

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali yetu, waheshimiwa wajumbe wa bodi, madaktari na wauguzi wenzangu, ndugu na jamaa wa Sista mnaomchukua leo jumla jumla, na wewe mwenyewe Sista, ambaye nimekuona ukiangalia saa mara mbili tangu nishike kipaza sauti: habari za mchana.

Nimepewa dakika tano za kumsifu Muuguzi Mkuu wa wodi ya moyo anayestaafu leo. Ningeweza kuzimaliza kwa kusema alikuwa mchapakazi, mcheshi na mpole. Mpole hakuwa, mnajua wenyewe. Kwa hiyo nitawasimulia habari ya koti.

Miaka sita iliyopita nilimtibu fundi cherehani mmoja. Yule pale safu ya tatu, amekaa na mkewe. Mshipa wa moyo wake ulikuwa karibu kuziba kabisa. Nilipitisha waya mwembamba kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi kwenye moyo, nikaweka stenti, kile kibomba cha matundu kinachoushikilia mshipa ubaki wazi, na kesho yake Fundi akatoka wodini kwa miguu yake. Mimi nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Siku ya kumi akaja kliniki na zawadi: koti la kijivu alilonishonea mwenyewe. Nikalivaa palepale. Mkono wa kulia ulinivuta, nikadhani nimenenepa. Wauguzi walibana midomo wasicheke. Sista hakuwa na haja ya kubana kitu. Aliniomba nilivue, akaligeuza ndani nje, akatoka nalo kwenda kuzungumza na mke wa Fundi aliyekuwa kwenye benchi la nje.

Aliporudi ofisini kwangu alilitundika koti mlangoni, akanionyesha kwamba mikono yote miwili ilikatwa ya kushoto. Tena mke wa Fundi alikuwa amemweleza kwamba mumewe, aliyekuwa akihifadhi kichwani vipimo vya wateja wake wote, sasa anaviandika, halafu anasahau daftari liko wapi.

Nikamjibu kwamba Fundi ana miaka sitini na tatu. Ni umri huo.

"Wiki mbili zilizopita alikuwa na umri huohuo, Daktari," akasema.

Nikamwambia moyo wake unadunda vizuri kuliko wangu.

"Moyo haushoni nguo."

Ndugu zangu, ungekuwa wewe ungejibu nini? Mimi nilikasirika, kama tunavyofanya wakubwa tukiishiwa hoja. Alipotaja kiharusi, nikamkumbusha kwamba mdomo wa mgonjwa haukupinda, mguu havuti, maneno yanamtoka sawasawa, basi kiharusi kiko wapi? Sista akaketi kwenye kiti cha wagonjwa, akasema hatoki mpaka nisaini karatasi ya kupiga picha ya ubongo. Nilisaini, na nakiri mbele ya Mkurugenzi, nilisaini ili nipate kwenda kula.

Picha ilionyesha alama nne, ndogo mno, na zote bado mbichi. Viharusi vya kimyakimya. Waya unapopita ndani ya mshipa unaweza kukwangua uchafu ulioganda ukutani, na damu ikavibeba vipande hadi kwenye ubongo. Mgonjwa hasikii maumivu. Anakushukuru, anakupa mkono, anakwenda nyumbani, na kama hakuna anayemuuliza, basi hakuna anayejua.

Niliwaita Fundi na mkewe, nikawaeleza. Mama yule aliniuliza kama nilijua tangu mwanzo kwamba jambo hilo linaweza kutokea. Nilijua. Akaniuliza mbona sikuwaambia. Nikaanza kusema kwamba mara nyingi hatuoni madhara yoyote, kisha nikakiri kwamba hatukuwa tukiyatafuta.

Fundi ndiye aliyeniokoa. "Stenti ningeikubali tu, Daktari," alisema. "Nisingeikubali ningekufa. Lakini ungeniambia. Nimekaa dukani siku zote hizi nikidhani napata wazimu, nikaogopa kumwambia hata huyu."

Mkewe akamshika mkono. Nilitazama dirishani.

Kwa mwaka mzima mkewe alikata vitambaa, yeye akashona. Alifanya mazoezi ya kumbukumbu, akameza dawa zake, akarudi taratibu kwenye mkasi. Si kila kitu kimerudi; vipimo bado anaviandika. Lakini ninyi wauguzi mlio mbele yangu, sare mlizovaa amezikata yeye. Hesabuni mikono: wa kushoto mmoja, wa kulia mmoja.

Sista hakuishia hapo. Alitunga ukurasa mmoja: mgonjwa aelezwe hatari hii kabla, apewe maneno matano ya kukumbuka na achore saa ya mishale, ili akili yake ipimwe kabla ya stenti na baada yake, na wa nyumbani kwake waulizwe amebadilika nini. Nilisema utatuchelewesha. Leo tunautumia kwa kila mgonjwa, na wageni huja kujifunza.

Wanauita Ukurasa wa Daktari. Hunipongeza, nami hutabasamu. Miaka sita nimetabasamu.

Waheshimiwa, mimi niliweka sahihi tu. Niliukataa mara tatu kwanza. Sista, ulikuwa sahihi, nami nilikosea, na ilinipasa kuyasema haya siku ile ukiwa umekaa kwenye kile kiti, tukiwa wawili tu, ilipokuwa rahisi.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia. Sasa simameni mumpigie mama huyu makofi, tafadhali, na mimi nikiwa wa kwanza.