Mbwa wa Milango Mitano

Foleni ya chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa imezunguka uwanja wa kanisa pale Dandora, na Kasiva, aliyempakata mbwa wake mdogo, hakuwa na la kufanya ila kuwasikiliza wawili waliomtangulia. Mzee Musyoka, mwenye mbwa mnene wa mnyororo, alikuwa akimkaripia Nabalayo, ambaye mbwa wake alifungwa kwa kipande cha leso.

"Umesema huyu ni wa ploti, wa wapangaji wote. Basi ploti ingemleta."

"Ploti haina miguu, mzee," Nabalayo alijibu taratibu. "Tuko milango mitano, na kila mlango una jina lake la kumwita akilinda. Lakini alipogongwa na bodaboda akalala pale akilia, hakuna aliyemjua kwa jina lolote. Nikambeba mimi."

Kasiva aliinamisha kichwa. Kwao pia yuko mbwa wa namna hiyo.

"Na ukihama?" mzee aliuliza.

"Tutahama naye."

"Wenye nyumba wengi hawataki mbwa."

"Basi nitatafuta nyumba muda mrefu."

"Huko ni kujitafutia shida," alisema mzee, huku akisukuma bakuli la maji la mbwa wake hadi mbele ya yule wa leso.

Foleni ikafika mezani. Daktari akainua sindano, akauliza mbwa huyu ni wa nani. Nabalayo hakusikia. Alikuwa amepiga magoti, amemkumbatia mbwa shingoni, akimnong'oneza.

"Ni wake huyo," Musyoka alijibu kwa ukali. "Kwani huoni?"