Sura ya Glavu na Vikombe

Nje ya duka la kahawa la Mama Jun-ho, mtaa wa mafundi chuma wa Mullae, kuna benchi lililochomelewa kwa mabaki ya mabomba. Saa kumi mashine zikizimwa, wazee watatu hulikalia kama wamelirithi: Gap-sik wa kerezo, mashine ya kuchonga chuma, aitwaye Nati, Pil-ho mchomeleaji, aitwaye Cheche, na Chang-uk mnoa misumeno, aitwaye Profesa kwa kuwa husoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Siku ile Seo-yun, binti mchoraji wa ghorofani, aliteremsha picha aliyohangaika nayo mwaka mzima, akaiegemeza ukutani, akaenda kutafuta gari la kuipeleka kwenye maonyesho. Ilikuwa sura kubwa ya rangi ya mafuta, na juu yake kabandika takataka zao wenyewe: vikombe vya karatasi, glavu zilizochanika, vipande vya picha za zamani walizompa.

— Huyo mimi, alisema Nati. Sikio hilo ni glavu yangu.

— Wewe ulikuwa na sikio zuri hivyo lini? alidakia Cheche. Paji hilo kikombe changu, alama ya meno si hiyo hapo!

Profesa akawaambia hawajui sanaa: ile ni sura ya mtaa mzima, kila mtu kachangia kiungo, na pua ni serikali, inayojiingiza kila mahali. Cheche akatazama tena, akaapa basi ni marehemu mama mkwe wake, karudi kuangalia kama mkwewe bado anavuta. Akaizima sigara haraka. Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Nati peke yake hakulegea. Alitaka iwe yeye ili Mama Jun-ho amtazame vizuri walau mara moja. Vuli ya tatu hii anamletea viazi vitamu vya kuchoma, na neno la moyoni halijamtoka.

Akatokea msichana wa maonyesho, kalamu mkononi.

— Shikamooni. Naandika kibao cha picha. Seo-yun kasema ni mama mwenye duka hili, ila jina halijui. Anaitwa nani?

— Mama Jun-ho, wakajibu wote.

— Jun-ho si mwanawe? Yeye mwenyewe je?

Profesa akakunja gazeti. Cheche akakitazama kiatu chake. Miaka kumi na tisa wanakunywa kahawa ya mkono ule! Nati aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni, maana mama mwenyewe alikuwa kasimama mlangoni na sinia, kasikia yote.

Nati akainuka, akavua kofia.

— Samahani, mama. Unaitwa nani?

Mama akacheka.

— Bok-rye. Wang Bok-rye. Nilidhani nitazikwa hujauliza.

Msichana akaandika. Bok-rye akamkabidhi Nati sinia tupu, akaketi benchini alipokuwa amekaa Nati.

— Kahawa imekwisha, Gap-sik. Ingia ndani ukapike.